Mwenye Mali na Mwamuzi: Juu ya Uhamisho wa Chris Paul Uliokataliwa



Najua wako miongoni mwenu waliostaajabu kusikia kwamba kitivo cha sheria kimeitisha mhadhara wa umma juu ya mpira wa kikapu wa Marekani, wala siwalaumu, kwani mchezo huo kwetu haupati hata robo ya wapenzi wa kandanda. Lakini usiku wa tarehe 8 Desemba 2011, mjini New York, lilizuka swali ambalo mafakihi wamelijadili karne nyingi katika milango ya mirathi na uwakala, nalo ni hili: je, mtu mmoja aweza kuwa mwenye mali na papo hapo akawa mwamuzi wa mambo yahusuyo mali hiyo, na kama aweza, watu watajuaje ni lini anasema kwa haki ya milki na ni lini anasema kwa haki ya hukumu?

Kisa chenyewe ni hiki. Ligi ya NBA ina klabu 30, na kila klabu ina wenyewe. Wenyewe hao ndio wakaao katika baraza la magavana, nao ndio wamchaguao kamishna na kumlipa mshahara. David Stern, mwanasheria wa New York, alikuwa ameushika ukamishna tangu Februari 1984, na hapakuwa na mtu aliyeushuku uwezo wake, wala, nadhani, yeye mwenyewe hakuushuku. Mwezi wa Desemba 2010, mauzo ya klabu ya New Orleans Hornets yalipokwama na mwenye klabu, George Shinn, akawa hawezi tena kuendelea nayo, ligi iliinunua yenyewe, kwa nia ya kuitunza mpaka apatikane mnunuzi ambaye hatauondolea mji ule timu yake. Na mji ule, uliokwisha kuiona timu hiyo ikienda kuchezea Oklahoma City baada ya kimbunga cha Katrina cha mwaka 2005, ulikuwa na sababu ya haki ya kuogopa kuachwa kwa mara ya pili. Tangu siku hiyo wenye klabu 29 wakawa washirika katika milki ya klabu ya 30. Nawaomba mlishike neno hili, maana mengi nitakayoyasema yanatoka humo.

Nyota wa Hornets alikuwa Chris Paul, mlinzi mfupi wa kimo na mrefu wa akili, ambaye mkataba wake ulikaribia kwisha na ambaye ilikuwa dhahiri kwamba hangekubali kuongeza mwingine. Mchezaji wa namna hiyo akiachwa mpaka mwisho wa msimu huondoka bure, na klabu ikabaki mikono mitupu. Kwa hiyo meneja mkuu, Dell Demps, alitafuta wa kubadilishana naye. Wakati huo wenye timu walikuwa wamewafungia wachezaji milango tangu tarehe 1 Julai kwa ugomvi wa mkataba wa kazi, na kiini cha ugomvi, zaidi ya mgawanyo wa mapato, kilikuwa malalamiko ya klabu za miji midogo kwamba miji yenye fedha kama Los Angeles inawanyang'anya kila mchezaji bora wanayemlea. Ugomvi ukaisha, msimu ukapunguzwa kutoka mechi 82 hadi 66, na siku ile ile wenye timu walipokuwa wakiuidhinisha mkataba mpya, ikaenea habari kwamba Paul anakwenda Los Angeles Lakers. Pau Gasol angetoka Lakers kwenda Houston Rockets. Nao Hornets wangepata Lamar Odom kutoka Lakers, na Luis Scola, Kevin Martin na Goran Dragić kutoka Houston, pamoja na haki ya kuteua chipukizi mmoja katika duru ya kwanza. Saa chache tu baadaye, Stern akayakataa mapatano hayo.

Msemaji wa ligi alitoa kauli kwamba sababu ni za kimpira tu. Kesho yake Stern mwenyewe alieleza, kwa maneno machache, kwamba ameamua kwa maslahi ya Hornets, kwamba klabu ilikuwa na faida zaidi Paul akibaki kuliko akienda kwa masharti yale, na kwamba hakushawishiwa na wenye timu wengine. Hilo la mwisho ndilo ambalo watu hawakulisadiki, kwa sababu barua ya Dan Gilbert, mwenye Cleveland Cavaliers, ilikuwa imekwisha fika magazetini. Gilbert, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa ameachwa na LeBron James na jeraha lake lilikuwa bado bichi, alimwandikia kamishna kwa ghadhabu kwamba uhamisho ule ni dhihaka, na kwamba wenye timu 29 wa Hornets wapewe nafasi ya kuupigia kura. Aliongeza hesabu: katika misimu mitatu Lakers wangejiokolea takriban dola milioni 20 za mishahara, na takriban dola milioni 21 za kodi ambayo klabu zenye mishahara mikubwa hutozwa, na ambayo hugawiwa klabu nyingine.

Wengi wamemcheka Gilbert kwa barua ile. Mimi simcheki, kwa maana naona ndani yake jambo ambalo wacheshi wamelipita. Kama mshirika katika milki ya Hornets, Gilbert alikuwa na haki kamili ya kuuliza mali yake inauzwa kwa bei gani. Kama mwenye Cavaliers, hakuwa na haki yoyote ya kuuliza hayo, kwani mshindani hapewi ruhusa ya kuzuia biashara ya mshindani mwenziwe kwa hoja kwamba itamnufaisha. Na hoja ya kodi aliyoitoa ilikuwa ya mshindani, si ya mwenye mali: fedha zile zilikuwa zipitie mifukoni mwa klabu nyingine, na Hornets, kwa upande wa bei ya Paul, hazikuwahusu. Haki mbili zilikuwa katika kifua kimoja, na barua moja ilizisemea zote mbili bila kuzitenga. Ajabu zaidi, mwenye Lakers, Jerry Buss, naye alikuwa mshirika katika Hornets, hata twaweza kusema kwamba alikuwa akinunua kitu ambacho sehemu yake ilikuwa tayari milki yake.

Sasa, katika sheria tuliyoirithi pwani hii kuna mtu ambaye hali yake yafanana sana na hali ya Stern, naye ni wasii wa mali ya yatima. Wasii ana mamlaka ya kuuza na ana mamlaka ya kukataa kuuza. Ikiwa bei haitoshi, kukataa ni wajibu wake, wala haimpasi kumtaka radhi mnunuzi. Kwa hiyo wale waliosema kwamba kamishna aliingilia soko la haki la klabu tatu huru walikosea tangu mwanzo, kwa kuwa klabu moja katika hizo tatu haikuwa huru: haikuwa na mwenyewe wa peke yake, na aliyekataa alikataa kwa niaba yake. Lakini mafakihi hawakuishia hapo. Walimharamishia wasii kujiuzia mwenyewe mali ya yatima, hata kwa bei nzuri, wala hawakufanya hivyo kwa kuwadhania mawasii wote kuwa wezi. Walijua kwamba mtu akisimama pande zote mbili za mauziano, hapana tena ithibati iwezayo kuonyesha kwamba alitenda kwa insafu, hata akiwa ametenda. Stern alikuwa wasii wa Hornets, mtumishi wa majirani 29 wenye kumwogopa mnunuzi, na msimamizi wa soko zima. Yawezekana uamuzi wake ulikuwa sawa. Lakini alijiweka mahali ambapo usawa wake haungeweza kuthibitika, nami sioni kwa nini ligi yenye mawakili wengi kiasi kile haikumpa mtu wa nje, tangu siku ya ununuzi, neno la mwisho juu ya wachezaji wa Hornets.

Ili mwone tofauti, nawarudisha mwaka 1976, katika besiboli. Charlie Finley, mwenye Oakland Athletics, alikuwa ametwaa ubingwa mara tatu mfululizo, 1972, 1973 na 1974, kwa kikosi alichokipenda sana na kukilipa kidogo. Desemba 1975 msuluhishi Peter Seitz aliamua kwamba mchezaji akimaliza mwaka bila mkataba yu huru kwenda atakako, na Finley, ambaye kwa kuhesabu hakuwa mjinga, aliona kwamba nyota wake wote watamponyoka bila malipo. Tarehe 15 Juni 1976 akawauza watatu kwa mpigo: Joe Rudi na Rollie Fingers kwa Boston Red Sox, kila mmoja dola milioni moja, na Vida Blue kwa New York Yankees kwa dola milioni moja na nusu. Red Sox wenyewe siku hizo walikuwa Oakland kwa mechi, hata Rudi na Fingers hawakuwa na safari ila ya kuvuka kutoka chumba cha wenyeji hadi chumba cha wageni, wakavaa sare za Boston, ingawa hawakuzichezea. Kamishna Bowie Kuhn aliwaita wahusika, akawasikiliza, na tarehe 18 Juni akayabatilisha mauzo yote kwa maslahi bora ya besiboli, akitoa sababu zake kwa maandishi: kwamba klabu isiyo na fedha itakauka, na klabu yenye fedha itanunua ubingwa dukani.

Kwa uamuzi wenyewe, mimi namwona Kuhn alikosea. Hapakuwa na kanuni iliyokataza kuuza mchezaji kwa fedha taslimu. Klabu zilikuwa zikiuziana wachezaji tangu enzi za babu zao, na mtu haadhibiwi kwa kosa ambalo halikuwa kosa siku alipolitenda. Matokeo nayo yalikuwa mazito kwa Finley: msimu ulipokwisha, Rudi na Fingers waliondoka wakiwa huru, yeye hakupata hata senti, na mwaka 1977 Athletics walishika mkia katika kundi lao. Finley alishitaki, akashindwa mahakamani Chicago, akakata rufani, akashindwa tena mwaka 1978. Mahakama ilisema kwamba wenye klabu walimpa kamishna mamlaka hayo kwa hiari yao tangu zama za Jaji Landis, aliyeteuliwa mwaka 1920 kusafisha mchezo baada ya kashfa ya kuuza mechi, na kwamba si kazi ya majaji kupima kama kamishna amekuwa na busara, maadamu ametenda kwa nia njema na ndani ya mamlaka yake.

Walakini Kuhn, pamoja na kosa lake, hakuwa na hisa katika Oakland, wala Boston, wala New York. Aliketi kama mwamuzi na akahukumu kama mwamuzi. Nikilazimishwa kuchagua kati ya hukumu mbaya ya mtu ambaye nafasi yake inajulikana, na hukumu pengine njema ya mtu mwenye nafasi tatu, nitaichagua ile ya kwanza, kwa kuwa hiyo naweza kuipinga kwa hoja, ilhali ya pili sijui hata nianzie wapi.

Huwa naambiwa kwamba matokeo yalimpa Stern ushindi. Siku sita baadaye, tarehe 14 Desemba, Paul alikwenda kwa jirani, Los Angeles Clippers, na Hornets wakapata Eric Gordon, kijana ambaye hajatimiza miaka 23, pamoja na Chris Kaman, Al-Farouq Aminu na haki ya uteuzi iliyokuwa ya Minnesota. Odom, aliyekuwa afanywe nguzo ya New Orleans, aliboronga huko Dallas alikohamishiwa. Hornets walishinda mechi 21 tu kati ya 66, bahati nasibu ya kuteua chipukizi ikawapa uteuzi wa kwanza, wakamtwaa Anthony Davis, na Tom Benson akainunua klabu kwa dola milioni 338. Lakini Gordon alicheza mechi 9 tu msimu ule, na Dragić, ambaye mapatano ya kwanza yangemleta, alikuja kuwa bora kuliko wote waliofika kwa mapatano ya pili. Bahati nasibu haithibitishi fiqhi.

Waliosahauliwa katika mabishano haya ni wachezaji. Odom, aliyekuwa ametuzwa mwezi wa Aprili kama mchezaji bora wa akiba katika ligi nzima, alisikia kwamba klabu yake imemtoa, kisha akasikia kwamba hajatoka, akaumia moyo akaomba ahamishwe, naye akahamishwa. Katika kikosi cha Houston, usiku ule wa mapatano, alikuwamo pia kijana wetu Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, aliyeteuliwa wa pili mwaka 2009, nyuma ya Blake Griffin wa Clippers. Yeye alikuwa amefika hapo Februari kwa kubadilishwa na Memphis, na Machi iliyofuata alibadilishwa tena kwenda Portland, bila kamishna kuuliza wala gazeti kulia. Walio nyota hukataliwa kwa vishindo, na wasio nyota hupita kimya kimya, lakini utaratibu wa kuwapitisha ni mmoja.

Hukumu ya rufani katika shauri la Finley husomwa hata leo katika madarasa ya sheria ya michezo, na mwanafunzi aweza kuifuata hoja kwa hoja, akakubali au akakataa. Mwanafunzi huyo akitaka kusoma uamuzi wa Stern atapata taarifa fupi za habari. Na akitaka kujua Demps alikuwa amewekewa mipaka gani kabla hajaanza kuzungumza na Los Angeles, jambo ambalo lilipasa kuandikwa na kutangazwa tangu siku ligi iliponunua klabu, itambidi ategemee maneno aliyoyasema Stern miaka mingi baadaye, alipokwisha kustaafu, kwamba meneja yule hakuwa na idhini ya kuyafunga mapatano yale.