Jua la Kuazima

Nikikwambia kwamba habari kubwa ya mtaani kwetu London juma hili ni jua, huenda ukacheka. Dar es Salaam na Mombasa watu hulikimbia jua wakatafuta kivuli cha mwembe. Lakini hapa ni katikati ya Novemba. Majani yamepukutika, saa zilirudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na ikifika saa kumi na robo jioni jua limekwisha kutua. Huu ni wakati wa ukungu, manyunyu na koti zito. Mchana wa kawaida wa Novemba hauzidi sana nyuzi 11 au 12 za Sentigredi. Juma hili tumepata 17.

Jambo hili hutokea. Upepo ukivuma kutoka kusini huleta hewa ya joto, na baridi husogea pembeni kwa siku chache. Tarehe 1 Novemba 2015, huko Trawsgoed katika Wales, kipimajoto kilifika nyuzi 22.4, rekodi ya Uingereza kwa mwezi wa Novemba. Rekodi iliyovunjwa, ya nyuzi 21.7, ilikuwa imedumu tangu mwaka 1946.

Wafaransa na Wareno huziita siku kama hizi kiangazi cha Mtakatifu Martin, kwa sababu sikukuu yake ni tarehe 11 Novemba. Inasimuliwa kwamba Martin, askari wa Kirumi, alimkuta maskini akitetemeka kwa baridi. Akalikata joho lake kwa upanga, akampa nusu. Watu wakaongeza kwamba hapo ndipo jua lilipochomoza.

Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji. Basi nami sikukaa bure. Bustani yangu iko nyuma ya nyumba, hatua kumi kwa sita tu. Nimepanda vitunguu saumu, maana vikikosa baridi ya miezi ijayo havigawanyiki vizuri kuwa vidole. Tutaving'oa mwezi wa Julai. Nimefagia majani nikayarundika yaoze yawe mbolea. Shuka nimezianika nje, zikakauka. Katika Novemba ya huku, hilo ni jambo la kumsimulia mtu.

Lakini aliyefurahi kunishinda ni bibi jirani yangu, mwenye umri wa zaidi ya miaka themanini. Alifungua madirisha, akatoa kiti, akaniambia, "Mwanangu, leo gesi imepumzika." Tangu bei ya gesi ilipopanda sana mwaka 2022, wazee wengi wa hapa huhesabu saa za kuwasha joto la nyumba. Mwingine huvaa koti sebuleni, mwingine huingia kitandani mapema. Kwangu jua hili ni starehe. Kwake ni akiba mkobani.

Hata hivyo, jua la namna hii huwahadaa wengi. Kalunguyeye, yule mnyama mdogo wa miiba, hulala kipindi chote cha baridi akitegemea mafuta ya mwilini. Joto likimwamsha, huyachoma mafuta yale, na chakula nje ni haba. Na wataalamu wa hali ya hewa wanatuonyesha kwamba, mwaka hadi mwaka, dunia inazidi kupata joto. Siku moja nzuri si ushahidi wa hilo, lakini haituruhusu kulisahau.

Kwa hiyo nasema tulifurahie jua hili, ila tukijua kwamba ni la kuazima. Litarudi kwa mwenyewe, pengine usiku huu huu. Siku hiyo barafu itakapotanda kwenye vioo vya madirisha, swali halitakuwa nani aliota jua. Swali litakuwa nani amebisha hodi kwa jirani kumuuliza kama nyumba yake ina joto. Martin hakungoja hali ya hewa ibadilike ndipo akate joho lake.

Hadi juma lijalo, kwaherini.