Kutoka Bungeni Mpaka Malishoni



Nimetakiwa niseme juu ya malisho, nami naona heri nianze na mtu mmoja. Allan Savory, mzaliwa wa Bulawayo mwaka 1935, aliingia Bunge la Rhodesia mwaka 1968, akapingana na serikali ya Ian Smith, hata mwaka 1979 akaihama nchi. Mwaka 1984, katika mji wa Albuquerque, Marekani, alianzisha kituo cha kuwafundisha wafugaji njia yake.

Njia yenyewe ni hii. Ng'ombe hukusanywa kundi moja, wakalishwa kwa msongamano katika kipande kidogo kwa muda mfupi. Kwa maelezo yake, kwato huvunja ugumu wa ardhi, samadi na mkojo huirutubisha. Kisha kipande huachwa, wala mnyama hakikanyagi mpaka majani yapone. (Wazee wetu waliohama kwa kufuata mvua wasingeliona jambo hili geni.)

Wataalamu wengi hulipinga dai lake kwamba mifugo yaweza kuyarudisha nyuma majangwa na kuiponya hali ya hewa, nami naona hapo amepita kiasi. Lakini kuyapumzisha majani ni shauri jingine.

Miaka kumi tumeuza mazao pamoja. Malisho tungali kila mtu na lake. Mwenye ng'ombe watatu hawezi peke yake kukifunga kipande cha wote. Basi tukikubali kuchunga pamoja, wachungaji watalipwa na nani? Na atakayeingiza ng'ombe usiku atatozwa nini? Naiomba Halmashauri iyaamue hayo kabla ya mvua za vuli.