Tulinde Matumbawe, Tuvue na Kesho



Tumezoea kudhani matumbawe ni mawe tu. La! Hujengwa na wanyama wadogo sana walio hai. Juya likiburutwa juu yake huyavunja, tena hukokota samaki wachanga ambao hawajazaa. Ndiyo sababu Serikali ililipiga marufuku mwaka 2001.

Kuna jambo lingine. Samaki aitwaye kikande hula wale wanyama wa miiba wanaotuchoma miguu. Tukimmaliza kikande, hao wa miiba huzidi, nao huguguna mwamba mpaka ukachakaa.

Sasa mtauliza: mvuvi naye ale nini? Swali hilo ni la haki. Wenzetu wa Kuruwitu, kule Kilifi, mwaka 2005 walikubaliana kutenga eneo la hekta 30 hivi lisivuliwe kabisa. Samaki wakarudi, wakakua, na wengine huvuka mpaka wakaingia nyavuni. Mwaka 2017 wakapewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Basi tukikutana na wazee wetu wa bandarini tujiulize mambo mawili: tupumzishe sehemu gani? Na jamaa watakaokosa kitoweo mwanzoni, kikundi kitawasaidiaje? Tusipojibu la pili, la kwanza halitadumu.