Alama za Nukuu katika Faili la Mipangilio: Saa na Namba Zinapogeuka

Ndugu washiriki, maofisa TEHAMA wa halmashauri nne za Handeni na Korogwe,

Ofisi za serikali hufunguliwa saa 1:30 asubuhi na kufungwa saa 9:30 alasiri. Katika faili la mipangilio la YAML, wengi wetu tungeandika hivi:

kufungua: 07:30
kufunga: 15:30

Kwa macho, mistari hii ni pacha. PyYAML, maktaba inayotumiwa na programu nyingi za Python, haioni hivyo. Wa kwanza unabaki maandishi, wa pili unageuka namba 930. Maktaba hiyo inafuata toleo la 1.1 la YAML, ambamo tarakimu zilizotenganishwa kwa nukta pacha huhesabiwa kwa msingi wa 60: 15 mara 60, jumlisha 30. Mstari wa kwanza umesalimika kwa sababu saa yake inaanza na sifuri.

Kwetu sisi kosa hili ni gumu zaidi kulibaini. Mwenye kuhesabu saa kwa Kiswahili akiikuta 930 kwenye kumbukumbu za mfumo ataridhika kwamba ni saa 9:30, kumbe ni dakika zilizopita tangu saa sita usiku. Siku saa ya kufunga itakapobadilishwa kuwa 16:00, itatokea 960, na aliyeandika faili pengine keshahamishwa.

Namba zenye sifuri mbele nazo zina balaa lake. Tuseme zahanati mbili zimepewa namba 0127 na 0128. Ya kwanza itasomwa kwa msingi wa 8 na kuwa 87. Ya pili ina tarakimu 8, isiyokuwamo katika hesabu hiyo, kwa hiyo inabaki maandishi. Orodha moja, aina mbili za data, na hakuna ujumbe wowote wa kosa. Toleo la 1.2 la mwaka 2009 liliondoa kanuni hizi mbili, lakini hata huko 0127 isiyo na nukuu inaweza kusomwa 127.

Dawa ni kuandika "15:30" na "0127" ndani ya alama za nukuu, kila mara. Saa, simu, namba ya kituo: chochote ambacho hatutakijumlisha wala kukizidisha ni maandishi.

Kuhusu nafasi za mwanzo wa mstari, itoshe kusema kitufe cha Tab hakiruhusiwi kuzitengeneza.

Kwenye Ubuntu, mipangilio ya mtandao ya netplan nayo ni YAML. Ukiwa Korogwe mjini unahariri seva iliyoko Kabuku, usikimbilie "netplan apply". Tumia "netplan try": usipothibitisha ndani ya sekunde 120, mipangilio ya zamani inarudi yenyewe. Naomba halmashauri zote nne ziiweke hatua hii kwenye mwongozo wao wa kazi, pamoja na sharti la kunakili faili la zamani kabla ya kuligusa.