Mzazi, Ijue Shule ya Mwanao

Leo tunazungumza na wazazi wa Ishiara na Mbeere yote, na pia nyanya na guka wanaolea wajukuu.

Barua ya shule mara nyingi huishia chini ya mkoba, imekunjamana, ina doa la githeri, na mkutano umekwisha pita. Msimu wa kuvuna ndengu ndio mbaya zaidi: mzazi yuko shambani tangu alfajiri. Kwa hiyo walimu, msitegemee karatasi peke yake. Hapa Dayosisi Katoliki ya Embu tuna jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele mwaka 1976. Jumuiya hukutana nyumbani kwa watu. Tangazo likisomwa pale kwa Kimbeere, hata asiye na simu atalisikia, na atauliza swali bila haya. Ila jirani asiye Mkatoliki apelekewe habari pia. Mtoto wake ni mwanafunzi kama wengine.

Tena, kanisa na wazazi wana sauti shuleni: Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inalitengea kanisa mfadhili viti vitatu katika bodi ya shule ya umma. Wazazi na jamii wanachagua wajumbe sita. Sita! Na kila mzazi ni mwanachama wa chama cha wazazi, awe amemaliza kulipa pesa za chakula cha shuleni au bado.

Mzazi, usingoje kuitwa kwa sababu ya utovu wa nidhamu. Wiki hii fungua daftari la mwanao, kisha muulize mwalimu wa darasa mkutano ujao ni lini.