Ugaidi Haushindwi kwa Kuvunja Sheria

(Hotuba iliyotolewa mbele ya kamati za haki na amani za makanisa pamoja na wanamageuzi)



Nimeombwa nizungumzie haki za binadamu na sheria za vita katika nchi inayopambana na ugaidi. Yafaa kwanza tuwakumbuke waliouawa. Tarehe 7 Agosti 1998, bomu lililolipuliwa penye ubalozi wa Marekani mjini Nairobi liliua watu zaidi ya 200, wengi wao Wakenya waliokuwa wakijitafutia riziki. Tarehe 21 Septemba 2013 watu 67 waliuawa katika jengo la Westgate. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, na wengi wao walikuwa wanafunzi. Mtetezi wa haki asiyewalilia hawa hastahili kusikilizwa. Haki ya kuishi ndiyo inayotangulia haki zote, na serikali isiyoilinda imeshindwa na kazi yake.

Swali letter basi si kama serikali ipigane na magaidi. Swali ni: ipigane nao kwa sheria gani?

Ziko sheria za aina mbili, nasi tusizichanganye. Ya kwanza ni sheria ya vita. Kenya ilijiunga na Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949 katika mwaka 1966. Kifungu cha tatu, ambacho ni kimoja katika mikataba yote minne, kinahusu vita visivyo vya dola kwa dola, kama vile vya Somalia, ambako majeshi yetu yaliingia Oktoba 2011. Kifungu hicho kinasema kwamba mtu asiyeshiriki katika mapigano, na hata mpiganaji aliyeweka silaha chini, au aliyejeruhiwa, au aliyetekwa, atatendewa kwa utu. Ni marufuku kumwua, kumtesa, kumdhalilisha, kumfanya mateka, au kumhukumu pasipo mahakama halali. Majeruhi sharti waokotwe na kutibiwa. Amri hizi zinazifunga pande zote mbili. Wale waliowachinja wanafunzi wa Garissa hawana udhuru, lakini uovu wao haumpi askari wetu ruhusa ya kumwua mateka.

Sheria ya pili ni ile ya nyumbani. Eastleigh si uwanja wa vita, wala Majengo ya Mombasa si handaki la adui. Huko mshukiwa ni mshukiwa, na kazi ya polisi ni kumkamata na kumfikisha mahakamani. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 49, inataka afikishwe huko kabla ya saa 24 kupita, isipokuwa muda huo ukiishia siku ambayo mahakama haiketi. Kifungu cha 25 kinataja haki ambazo haziwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote: kutoteswa, kutofanywa mtumwa, kuhukumiwa kwa haki, na kupata amri ya mahakama inayomlazimisha mfungaji amlete aliyefungwa mbele ya jaji. Kifungu hicho hakikuongeza maneno "isipokuwa magaidi".

Watasema watu: gaidi hana haki. Ndugu zangu, neno hili hatukulisikia jana. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, wakoloni waliwaita wapiganaji wa Mau Mau magaidi. Kwa neno hilo maelfu walitiwa kizuizini bila kuhukumiwa. Tarehe 3 Machi 1959, huko Hola, wafungwa 11 walipigwa mpaka wakafa, na wakubwa wakadai kwanza kwamba walikufa kwa sababu ya maji waliyokunywa. Ilipita zaidi ya miaka 50 kabla ya serikali ya Uingereza, Juni 2013, kueleza masikitiko yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya wazee 5,228 walioteswa. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Sisi tuliochomwa na mkuki ule tutawezaje kuushika na kumchoma jirani?

Na tumeushika. Mapema mwaka 2007 makumi ya watu waliokuwa wakishikiliwa nchini mwetu walipakiwa katika ndege na kupelekwa Somalia, na wengi wao wakafikishwa Ethiopia, ilhali mawakili walikuwa wakiwatafuta kwa njia ya mahakama. Aprili 2014, katika msako wa Usalama Watch, maelfu ya watu, hasa Wasomali, walikamatwa, na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani. Kosa la wengi wao lilikuwa sura na ukoo. Desemba mwaka huohuo Bunge likapitisha mabadiliko ya sheria za usalama katikati ya vurugu. Lakini tarehe 23 Februari 2015 Mahakama Kuu ilivifuta vifungu vinane, kikiwamo kile kilichoweka kikomo cha wakimbizi 150,000. Siku hiyo tuliona faida ya kupigania mahakama huru.

Tena, dhuluma haituletei usalama. Polisi hupata habari za mipango ya uovu kutoka kwa majirani. Jirani ambaye mwanawe alichukuliwa usiku asirudi hatapiga ripoti tena. Na yule anayewaandikisha vijana hupata hapo hotuba iliyokwisha kuandikwa. Kinyume chake, tarehe 21 Desemba 2015, basi liliposhambuliwa huko Mandera, abiria Waislamu walikataa kutengwa na Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafa mwezi uliofuata. Hakuna msako uliotupatia ulinzi kama ule.

Basi tufanye nini? Kila parokia na kila kamati iwe na daftari: jina la aliyekamatwa, saa, mahali, na namba ya gari. Mtafuteni wakili kabla ya saa 24 kwisha. Nendeni kituoni wawili wawili, mwulize kwa adabu, msiondoke bila jibu. Peleka malalamiko kwa Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendaji wa Polisi. Mfanyieni hivyo Mwislamu kama mnavyomfanyia mshirika wenu, na familia za waliouawa na magaidi msiziache peke yao.

Tuliidai katiba ili imlinde yule tunayemwogopa pia. Ikimwacha huyo, haitakuwa na nguvu ya kutulinda sisi.