Aliyekosa sentimita 10

Ikitajwa Brazil, wengi wetu mawazo huenda kwenye kandanda. Tunamtaja Pelé, tunamtaja Romário, na ubishi unaanza. Leo naomba tuuweke mpira pembeni, nimzungumzie Mbrazil aliyejulikana kwa mbio: Robson Caetano da Silva, mzaliwa wa Rio de Janeiro, mwaka 1964.

Fainali ya mita 100 ya Olimpiki ya Seoul, 1988, inakumbukwa hadi leo. Ben Johnson wa Kanada alishinda, kisha akanyang'anywa medali kwa kutumia dawa zilizokatazwa, na dhahabu akapewa Carl Lewis wa Marekani. Lakini waliokimbia siku ile walikuwa wanane. Mmoja wao alikuwa da Silva, aliyehesabiwa wa tano baada ya Johnson kuondolewa. Siku chache baadaye akapata shaba katika mita 200, kwa sekunde 20.04, nyuma ya Joe DeLoach na huyo huyo Lewis.

Julai ya mwaka huo, Mexico City, alikuwa amekimbia mita 100 kwa sekunde 10.00 kamili. Kweli, mji ule uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi huwasaidia wakimbiaji wa mbio fupi. Hata hivyo, ilikuwa rekodi ya Amerika Kusini. Kushuka chini ya sekunde 10 kulihitaji sehemu moja tu ya mia ya sekunde. Kwa mwendo ule, hiyo ni sentimita 10 hivi, kama upana wa kiganja. Alistaafu bila kuzipata.

Je, tumwite mtu aliyeshindwa? Mimi nasema hapana. Rekodi ile ilidumu miaka 35. Ilivunjwa Julai 2023 mjini São Paulo na Mbrazil mwenzake, Erik Cardoso, kwa sekunde 9.97. Vizazi vya wakimbiaji vilikuja vikapita, yeye bado akiwa kileleni.

Tena tazameni uvumilivu wake. Alishinda mita 200 za Kombe la Dunia la riadha mara tatu: 1985, 1989 na 1992. Katika mashindano ya dunia ya Tokyo, 1991, akawa wa nne. Olimpiki ya Barcelona, 1992, wa nne tena! Wa nne hapandi jukwaani, na kesho yake gazetini jina lake hulioni kwa urahisi. Angeweza kutundika viatu. Badala yake, Atlanta 1996, akikaribia miaka 32, alipokea kijiti katika mbio za mita 100 kwa wanne, na Brazil ikatwaa shaba nyuma ya Kanada na Marekani.

Kijana akirudi kutoka mashindanoni, swali letu la kwanza ni: "Umeleta nini?" Akijibu kuwa alikuwa wa nne, mazungumzo yanaishia hapo, na pengine na mazoezi yake pia. Tunawapoteza wengi namna hiyo. Swali lililo bora ni: "Umepunguza muda kiasi gani?" Haba na haba hujaza kibaba.

Basi, ukisoma matokeo ya riadha, usiishie kwa mshindi. Shuka mpaka wa nne na wa tano. Kwa leo nakomea hapa. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.